Mama Uzi na Mkataba wa Masikio

Mama Uzi alikuwa mshonaji wa mikataba katika kiwanda cha uchapaji cha serikali. Sheria za nchi zilibanwa pini na mashine, chapuchapu. Mkataba na nchi za nje ulishonwa kwa mkono, kwa utepe wa hariri, ukapigwa muhuri wa lakiri. Siku zisizo na mkataba, yaani karibu zote, alisimama kwenye mashine ya kukatia karatasi, yeye na mwenzake mmoja. Kelele za mashine zilikuwa zimeshamla sikio la kushoto, na la kulia lilianza kuvuma.

Mkataba unaosema mfanyakazi anayeharibika masikio aondolewe penye kelele aliushona mwenyewe, na alikuwa na tabia ya kusoma kila alichokishona. Akaenda kwa ofisa utumishi, akamtajia hadi kifungu.

“Mama, huo ni mkataba tu,” ofisa alijibu huku akichezea simu. “Bunge halijautungia sheria. Humu ndani hauna nguvu.”

“Si mkubwa wa nchi aliusaini? Mimi ndiye niliyeshika utepe!”

“Alisaini kwa ajili ya huko nje.”

Mama Uzi alirudi kwenye mashine akinung'unika. Ukifuga mbwa bila leseni, kile kijitabu cha sheria cha kubanwa pini kinakupeleka ndani. Huu mkataba uliovaliwa suti na kupigiwa makofi, ukifika kwenye sikio bovu unageuka salamu za heri! Upuuzi mtupu.

Wiki ileile ukaja mkataba mwingine. Wageni walishaketi ukumbini, ofisa anahema mlangoni.

“Mama yangu, shona upesi, tutaaibika!”

“Huu ni sheria?”

“Mama, jamani, sasa hivi?”

“Kama ni sheria, nihamishe. Kama si sheria, niandikie hapa kwa mkono wako kwamba si sheria, wageni wasome, kisha nishone.”

Ofisa akatazama saa, akatoka mbio, akarudi na barua ya uhamisho. Mama Uzi aliisoma mara mbili. Haikutaja kifungu chochote. Ilisema amehamishwa kwa hisani ya uongozi. Hisani! Alitamani kuitafuna.

“Na mwenzangu? Yeye sikio linatoka usaha.”

Ofisa alishangaa kweli kweli. “Kwani yeye anajua kushona?”

Mama Uzi akairudisha sindano mkebeni, akaufunga, akaukalia.

“Barua mbili,” alisema.