Mjane na Shamba Lake la Gizani

"Mama, humo ndani umemfungia nani?"

Jirani, mshona viatu, alimuuliza mjane hivyo siku moja akichungulia mlango wa stoo usiofunguliwa zaidi ya nusu.

"Mume mpya," akamjibu. "Ila huyu hadai chai."

Mshona viatu alicheka mpaka msumari ukamtoka mdomoni.

Saa kumi na mbili asubuhi. Mjane huyu wa miaka hamsini na mbili anavua ndala, ananawa, anajifuta mikono kwa spiriti, ndipo anaingia na tochi iliyofunikwa kitambaa. Dirisha dogo limezibwa kwa magunia. Mifuko sitini ya nailoni iliyojaa mabua yaliyochemshwa inaning'inia kwenye kamba, na ndani yake unatambaa utando mweupe. Huo ndio uyoga, kabla haujatoa kichwa.

"Hauhitaji jua, unakula mabua," anaeleza kwa sauti ya chini, kama aliyelaza mtoto. "Wiki tatu za mwanzo uuache gizani, utulie."

Ananusa mfuko mmoja mmoja. Ukinuka uchachu, unatoka siku hiyo hiyo. Leo yote ni mizima. "Ahsante, Mola," anasema.

Mumewe alipofariki, miaka minne iliyopita, alibaki na binti mmoja na stoo hii. Kilimo alifundishwa siku tatu na kikundi cha kina mama. Mifuko kumi ya kwanza aliionea huruma, akaifungulia dirisha ipate mwanga. Vumbi likaingia, yote ikaota ukungu wa kijani.

"Nililia weee! Kisha nikashukuru. Mola alinifundisha kwa kumi, si kwa mia."

Sasa anavuna kilo sita kwa wiki, na binti yuko chuo cha uuguzi.

Alhamisi iliyopita nusura yote yaishe. Shemeji yake, ndugu wa marehemu na msimamizi wa nyumba ya familia, alifika na fundi. Alitaka kuvunja ukuta, aweke dirisha kubwa, chumba kipangishwe.

"Shemeji, msiba ulishapita. Miaka minne unajifungia gizani? Watu wanasema."

"Wanasema kwa kuwa hawajaingia. Vua viatu, unawe, uje."

Aliingia akipapasa ukuta. Mjane akamwelekeza mkono kwenye mfuko. Ulikuwa na joto.

"Umewasha jiko humu?"

"Jiko liko wapi? Ni uyoga wenyewe unapumua. Huu ndio unaomsomesha mtoto wa kaka yako. Ukuta ukivunjwa leo, mifuko yote sitini imekufa."

Shemeji hakuutoa mkono.

"Mwakani, nikijaliwa, nifikishe mia," mjane akaendelea, "niwaite na wajane wenzangu tulime pamoja. Nakushukuru, shemeji, miaka yote hii hukunitoa."

Fundi akaita kutoka mlangoni, "Bosi, nianze kupima?"

Shemeji akamnyang'anya futi, akaitia mfukoni. Akarudisha mlango taratibu nyuma yake, akavaa viatu, akaondoka na fundi wake.