Neno Moja Lililomfikisha Sundus kwenye Tanuri la Djerba

Saa tatu asubuhi, Deira, mjini Dubai, imeshachangamka, na Sundus Jaafar amesimama mlangoni mwa duka akiwa na bakuli la udongo mkononi na mteja mbishi mbele yake. Mteja ni bwana mmoja mnene kutoka Muscat. Anataka bakuli kwa nusu ya bei, na anataka sasa hivi.

Sundus habishani naye. Analigonga bakuli kwa kiungo cha kidole, linalia kama kengele, kisha analirudisha kwenye rafu taratibu, kana kwamba limeshapata mwenyewe. Bwana yule anacheka kwa kushindwa na kuingiza mkono mfukoni.

"Yalla, dada, lete. Na lile la pili pia," anasema.

"Biashara haigombi," Sundus anasema mteja akishaondoka, huku akijipepea kwa mtandio. "Ukigombana na mteja umempoteza. Muache agombane na roho yake."

Hilo ni duka la mapambo ya nyumbani na vitu vya mkono: mitungi, mabakuli, vikapu na mablanketi ya sufu, vyote kutoka Djerba, kisiwa cha Tunisia kilicho katika Bahari ya Mediterania. Mwenye duka ni Mwarabu wa hapa Dubai, Bi Sheikha. Lakini mwulize mteja yeyote wa mtaa huu, atakwambia duka ni la Sundus. Na safari ya mwanamke huyu wa Kibokoni, Mombasa, hadi kufika hapo, ni ya kusimulia ukiwa umekaa kitako.

Alikuja Dubai mwaka 2008 kama mtumishi wa nyumbani kwa Bi Sheikha, mtaa wa Al Twar, kwa mshahara wa dirhamu mia nane. Alikuwa ameachika, na alimwacha bintiye Ikhlas, mwenye miaka mitatu, kwa bibi yake. Viza ilikuwa ya madam, pasi ilikuwa kabatini kwa madam, na hata siku ya mapumziko ilitegemea madam ameamkaje.

Aliyemtoa jikoni ni bamia. Siku moja alifuatana na bosi wake soko la mboga, akasikia bei aliyotajiwa madam, akashindwa kujizuia. Alimrukia muuzaji kwa Kiarabu cha kuokoteza mpaka bei ikashuka na kotimiri ikaongezwa juu. Bi Sheikha alicheka njia nzima. Wiki iliyofuata akampeleka dukani.

Basi mambo yalikwenda vizuri, hadi yalipoharibika. Wakala aliyekuwa akileta mzigo alianza kutuma vyungu vya kiwandani vilivyopakwa rangi vikafanana na vya mkono. Wateja si wajinga. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na vile vyungu vilijitembeza mwaka mzima bila kupata mnunuzi.

Mwaka 2013 Bi Sheikha akaamua kwenda mwenyewe kisiwani. Tiketi ikakatwa, kisha binti yake akajifungua kabla ya wakati. Hakuna mama wa kumwacha binti hospitalini akafuate mitungi.

"Akaniita sebuleni," Sundus anakumbuka. "Akaniambia, 'Nenda wewe. Ukirudi na vitu vya maana, duka lipo. Ukirudi na takataka, khalas, nafunga, na viza yako naifuta.' Mimi nikasema inshallah, madam. Lakini ada ya shule ya Ikhlas ilikuwa inatoka kwenye duka hilo hilo."

Siku ya kwanza sokoni Houmt Souk, mji mkuu wa kisiwa, nusura aharibu kila kitu. Alinunua kama Mmombasa anavyonunua: ukitajiwa mia, taja thelathini, geuka, ondoka, subiri kuitwa. Aliitwa kila duka! Alirudi hotelini na mabakuli manane ya bei ya kutupa, akijiona mwamba. Alipoyaosha, rangi ilibaki kwenye kitambaa.

"Nililia, sikufichi," anasema. "Nilijiona nimeshapanda ndege ya kurudi Mombasa."

Kesho yake alitoka mapema, hajala kitu, kwa kuwa chai ya hoteli ilimshinda kwa wasiwasi. Duka la kwanza alilolikuta wazi lilikuwa la Sulaiman, mtu wa makamo mwenye miwani na uso wa kununa, ambaye alikuwa bado anafagia. Alipomwona tu, uso ukakunjuka. Akamwonyesha ndani kwa mkono na kumwambia, "Istiftah, dada, istiftah!"

Hapa ndipo Uswahili ulipofanya kazi yake. Kwa mfanyabiashara Mwarabu, istiftah ni mauzo ya kwanza ya siku. Anayefungua mlango wa riziki asubuhi hupewa bei nzuri ili siku nzima iwe ya baraka. Lakini Sundus, katika maduka ya vioo ya Dubai ambako bei imebandikwa na risiti inatoka kwenye mashine, hakuwahi kulisikia neno hilo kwa maana hiyo. Yeye alisikia la kwao: staftahi, chakula cha asubuhi.

"Nikasema alhamdulillahi, kumbe huku pia wana ukarimu! Mtu hunijui, wanikaribisha staftahi!" Sundus anaeleza, na hapo kicheko kinamzidi mpaka anashika meza.

Akashukuru kwa dua ndefu, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka, akakunja mikono ya baibui. Sulaiman akasimama na jagi mkononi, akingoja atajiwe bei. Sundus akakaa akingoja mkate. Wakatazamana.

"Unataka nini?" mwenye duka akauliza hatimaye.

"Chochote kilichopo, ndugu yangu. Hata mkate mkavu na chai."

Ilichukua muda kuelewana. Sulaiman alipofahamu, alicheka mpaka miwani ikaanguka, akawaita majirani waje wamwone mwanamke aliyetaka kula mauzo ya kwanza. Sundus alitamani ardhi ipasuke. Lakini mke wa Sulaiman, aliyekuwa chumba cha nyuma, alikuwa ameshasikia, na hakucheka. Alileta mkate wa moto, mafuta ya zeituni, mayai na chai, akaketi kula naye.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walipomaliza, Sulaiman aliuliza kilichomleta, na Sundus akamwambia yote, mpaka la viza na la mtoto. Yule bwana akafunga duka, asubuhi ile ile, kabla hajauza hata kijiko.

"Aliniambia, 'Aliyekula kwangu siwezi kumuuzia bei ya mtalii. Twende kwa wanaofinyanga,'" Sundus anasema.

Alimpeleka Guellala, kijiji cha wafinyanzi, kwa shemeji yake, kwenye karakana yenye tanuri, iliyochimbwa ardhini. Huko Sundus aligonga chungu kimoja kimoja kama mama zake walivyogonga sokoni Mombasa, akisikiliza. Kilicholia kizito alikikataa. Kwenye vikapu hakuhitaji hata kusikiliza: amekulia kwenye ukili, vidole vyake vinajua mkono uliosuka kwa haraka. Ilipofika kwenye bei, yeye na yule shemeji waliigombania hadi adhuhuri, na Sulaiman alikuwa upande wake.

Mzigo ulipofika Deira, Bi Sheikha alifungua sanduku la kwanza mwenyewe. Alichukua mtungi, akaugonga, ukalia. Alimkumbatia Sundus mbele ya wateja, jambo ambalo madam wa Dubai halifanyi kila siku.

"Aki mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta kazi kwingine," anasema Roselyne, Mkenya wa Kakamega anayeuza naye dukani. "Nilidhani ameenda kutumaliza. Kumbe huyu mama ni noma! Ule mzigo wote uliisha kabla ya Ramadhani, walai."

Tangu hapo Sundus amekwenda Djerba kila mwaka. Mshahara wake umefika dirhamu elfu nne na mia tano, pamoja na fungu la faida. Na mwaka huu wa 2016, Bi Sheikha, ambaye sasa anasema amechoka na anataka kulea wajukuu, ameamua kumwandikisha kuwa mshirika halali wa duka. Makaratasi yako kwa wakili.

Mtu angedhani kinachomfurahisha ni biashara. Ukimuuliza, anatikisa kichwa. Mshirika anaweza kupata ukaazi wake mwenyewe, na mwenye ukaazi wake anaweza kumwombea mtoto viza. Ikhlas ana miaka kumi na moja. Amekua akiisikia sauti ya mama yake kwenye simu tu, na kumwona kwenye likizo ya kila miaka miwili.

"Mimi niliingia nchi hii, nikaulizwa kafeel wangu, yaani mdhamini wangu, ni nani, nikataja mtu nisiyemjua," anasema Sundus, na safari hii hacheki. "Mwezi wa kumi na mbili mwanangu atashuka pale uwanja wa ndege. Wakimuuliza kafeel wake nani, atasema, 'Mamangu.'"