Mgeni Niliyemkana Kwenye Maonyesho

Haya niliyaona mchana. Jua kali, watu wamejaa, redio ya mtu inapiga muziki nje. Naanza na hilo kwa sababu najua utakachosema. Utasema usiku una mambo yake, labda kilikuwa kivuli, labda usingizi, labda fisi. Hapana. Ilikuwa alasiri, Bariadi mjini, mbele ya umati. Waliokuwepo wapo hadi leo, waulize. Watakuambia, "Ndiyo, tulimwona yule binti akiinuka na kuongea peke yake, tukacheka mpaka mbavu zikauma." Sehemu hiyo wanaijua. Iliyobaki naijua mimi, na ndiyo inayonifanya niandike huku nimeinamisha kichwa, ingawa kwa kawaida mimi ni mtu wa kucheka.

Niliishia darasa la saba. Nauza maandazi stendi. Lakini ndoto, jamani! Ndoto zangu zingewekwa kwenye mzani wa pamba, mzani ungevunjika. Nilitaka siku moja nisimame mbele ya watu Mwanza, watu wasionijua kabisa, na wanipigie makofi. Kwa nini makofi? Sijui. Wengine wanaota ng'ombe, mimi nilikuwa naota makofi.

Ilikuwa miaka hii ya biashara huria. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wanakuja na malori yao na mizani yao, na ghala moja la ushirika pale mjini likabaki tupu, makazi ya popo. Bwana Lameck, mchoraji aliyerudi kutoka Mwanza na suruali ya mtumba yenye mifuko hadi magotini, akaliomba. Akafukuza popo, akapaka chokaa, akatundika picha zake, akaandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu: JUMBA LA SANAA. Siku za mapumziko vikundi vya ngoma vinashindana uwanjani, watoto wa shule wanafinyanga udongo kwenye kibaraza. Watu wakaja, kwanza kwa kushangaa, baadaye kwa kupenda. Mimi nilikuwa nakwenda na beseni langu, nauza kidogo, natazama sana.

Ndipo akatangaza maonyesho makubwa, ameyaita Kaya ya Zamani. Ndani ya ghala akajenga nyumba ya msonge, na upande wa mbele akaufungua ili watu waone ndani. Vyungu alifinyanga vipya. Lakini jiwe la kusagia na nguzo mbili za mlango zilikuja kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka Nkololo. Zilitoka kwa Mzee Masunga, na yeye alikuwa amezing'oa kwenye mahame ya mama yake, pale kaya yao ilipokuwa zamani na sasa imebaki minyaa tu. Mzee hakuomba chochote. Alisema tu kwamba siku ya ufunguzi na yeye atakuja kutazama.

"Ndani ya nyumba lazima awepo mtu," Bwana Lameck akaniambia siku moja, mdomo umejaa andazi langu. "Wewe una uso wa zamani."

"Uso wa zamani ndiyo uso gani, kaka?"

"Usijali, ni sifa. Utakaa kwenye jiwe kama unasaga. Utatulia tuli. Siku hiyo wewe siyo muuza maandazi, wewe ni sanaa. Na sanaa haicheki, haijikuni pua, wala haijibu mtu."

"Hata nikisalimiwa?"

"Hata ukisalimiwa na waziri. Ukiweza hilo, maonyesho yakienda Mwanza na wewe unakwenda."

Mwanza! Nilirudi nyumbani sioni njia. Mama alipopata habari akaacha kupepeta mtama.

"Mtu mzima akusalimie, unyamaze? Umekuwa gogo?"

"Ni kazi, mayu," nikamwambia. Mayu ni mama, kwetu Usukumani.

"Kazi," akasema, akaendelea kupepeta. Neno moja tu, lakini lilikuwa na pumba nyingi.

Siku ikafika. Nikavalishwa ngozi ya mbuzi na shanga, miguu wazi, mabega wazi. Nilidhani nitajiona malkia. Nilijiona mbuzi wa mnadani. Watu walijipanga nyuma ya kamba, na mbele kabisa walikuwa wenzangu wa stendi.

"Jamani, hii sanamu inapumua!"

"Si yule wa maandazi huyu? Dada, leo hakuna ya moto?"

"Mwacheni, ameolewa na jiwe."

Nikatulia. Inzi akatembea kwenye mdomo wangu, nikatulia. Mgeni rasmi akasimama karibu na kamba akaanza hotuba yake ya utamaduni wetu na maendeleo. Mzee Masunga nilimwona kwa pembe ya jicho, amesimama karibu kabisa na nguzo ya mlango, amevua kofia kama mtu aliyeingia kanisani.

Hapo ndipo niliposikia, "Hodi."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, imechoka. Nikainua macho bila kuinua kichwa. Bibi mmoja alikuwa anapita katikati ya watu, amebeba mzigo wa kuni kichwani. Kuni ndefu, zimefungwa kwa gome la mti, ncha zimetokeza huku na huku. Nikawaza, huyu bibi atamtoboa mtu jicho, kwa nini asiache kuni nje? Lakini ncha zilipita usoni mwa watu na hakuna aliyekwepa. Akaivuka kamba bila kuinama na bila kuigusa. Mgeni rasmi akawa anahutubia kupitia mgongo wa bibi, kama vile hayupo. Niamini, hapo nilikwishajua. Mwili unajua kabla ya akili.

"Hodi," mara ya pili. Sikujibu. Mimi ni sanaa.

Akasimama kati ya zile nguzo mbili. Miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini, na shingo inatetemeka, unaijua ile shingo ya mtu aliyebeba kupita uwezo wake?

"Hodi, wa kaya. Mwadila," akasema, salamu yetu ya mchana. "Nitue, mwanangu. Nimetoka mbali."

Wewe ungefanyaje? Kuanzia utotoni nimefundishwa kwamba mama akija na mzigo kichwani, unaacha hata chungu kinachochemka unakwenda kumtua. Magoti yalininyanyua yenyewe. "Karibu mayu, karibu ndani," nikasema kwa sauti, "ngoja nikutue." Nikanyoosha mikono juu. Vidole vikagusa gome. Lilikuwa la kukwaruza, na lina joto la jua.

Ghala likalipuka kwa kicheko.

"Sanaa imeamka!"

"Anamkaribisha inzi, jamani, mpeni na kiti!"

Mgeni rasmi alikatisha hotuba, naye akacheka mpaka akajifuta macho. Bwana Lameck akaja mbio, anatabasamu kwa meno tu.

"Unaongea na nani?"

Nikamtazama yeye. Nikawatazama wenzangu wa stendi wanavyopigana mabega. Nikamtazama bibi. Alikuwa ameshapinda magoti kidogo, mikono imeshika mzigo, ananisubiri nianze kuvuta, kama watu wanavyosubiriana siku zote kwenye kazi ile. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaiona Mwanza inaondoka bila mimi.

"Siongei na mtu," nikasema, tena kwa sauti ili wote wasikie. "Hapa hakuna mtu. Nilisinzia tu."

Nikashusha mikono.

Bibi hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinyoosha magoti taratibu, mzigo wote ukamrudia shingoni, akaniangalia.

"Ulinisikia, mwanangu," akasema.

Akageuka. Ncha za kuni zikapita juu ya vichwa vya watu, zikatoka mlangoni, zikapotelea kwenye jua. Mgeni rasmi akafanya utani kwamba mababu zetu nao walikuwa wanasinzia, watu wakapiga makofi. Nikakaa kwenye jiwe nikaanza kulia, machozi tu, bila sauti. Mama mmoja nyuma ya kamba akamwambia mwenzake, "Tazama, mpaka machozi! Huyu mtoto kweli ana kipaji." Makofi yakaongezeka. Ndiyo yale makofi niliyokuwa nayaota.

Watu walipopungua, Mzee Masunga akanisogelea, kofia bado mkononi. Katika umati wote yeye peke yake ndiye ambaye hakucheka, hilo nililiona.

"Mwanangu," akasema, "yule uliyemkaribisha. Alikuwa na kuni?"

Hakuna mtu aliyekuwa ametaja kuni. Bwana Lameck alikuwa amesimama pembeni yangu, anasikiliza. Nikajiambia, nikisema ndiyo, kesho mji mzima utasema naona mizimu, na mtu wa namna hiyo kwetu hapati raha. Ungeona macho ya yule mzee. Mtu mzima, mwenye ng'ombe na wajukuu, ananitazama kama mtoto anayengoja mama yake arudi kutoka gulioni.

"Sikuona mtu, baba," nikamjibu. "Nilisinzia."

"Haya," akasema. Akaipapasa nguzo ya mlango kwa kiganja, akavaa kofia, akaondoka.

Kumbe hata faida sikupata. "Sanaa inayosinzia siipeleki popote," Bwana Lameck akaniambia jioni ile, na Mwanza akaenda na binti mwingine. Nilistahili. Lakini si hilo lililoninyima chakula. Kila nikifumba macho naona magoti yaliyopinda yakinyooka tena na mzigo.

Mwishowe nikaazima baiskeli ya kaka yangu nikaenda Nkololo. Nilimkuta mzee zizini, nikapiga magoti kwenye mbolea, nikasema yote. Nilisema nilivyomwona, nilivyomgusa, na nilivyomkana mara mbili. Alisikiliza akiwa ameshika pembe ya ndama. Kisha akanieleza. Wakati watu wanahamishwa kupelekwa kijiji kipya, lori lilikuja mama yake akiwa porini anatafuta kuni. Watoto wakapandishwa, paa likashushwa. Waliahidiwa kwamba mama ataletwa na safari ya pili. Safari ya pili haikuwepo. Mama alirudi akakuta kaya haina paa wala mtu wa kumwitikia hodi. Akaondoka kuwatafuta na kuni zake kichwani, maana mwanamke haingii ugenini mikono mitupu. Waliikuta maiti yake baadaye njiani, na mzigo ukiwa haujafunguliwa.

Nikasema, "Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe," akasema, na alimaanisha. Halafu akaiachia pembe ya ndama. "Ila ungeniambia pale pale, mwanangu. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Mimi ndiye ningemtua."

Basi. Nikainuka, magoti yamejaa mbolea.

Tulizirudisha nguzo na jiwe kwenye mahame, Bwana Lameck hakukataa. Tukazisimika nguzo katikati ya minyaa. Mzee akaita "Karibu, mayu" mpaka sauti ikakauka, nami nimesimama nimenyoosha mikono. Upepo tu. Ng'ombe walitutazama.

Tangu nilipomkana yule bibi, sisikii hodi. Masikio yangu ni mazima, nasikia kuku, nasikia kengele ya baiskeli mbali, nasikia majirani wanavyonisengenya. Lakini neno lile halinifikii. Kwanza majirani walidhani naringa. Kisha washenga wakaja kutoka Kasoli, kwa ajili ya kijana niliyempenda kweli. Mama hayupo, mimi niko ndani nachambua mchicha huku naimba. Wamepiga hodi mara tatu, wananisikia naimba, wakaondoka wamekasirika. Yule kijana alioa kwingine, na maandazi ya harusi yake nilipika mimi. Yalisifiwa sana! Siku moja kaka akanijaribu. Alisimama mlangoni nikimtazama. Niliona midomo yake inafunguka na kufumba, nikasikia hata anavyovuta pumzi, lakini neno lenyewe, kimya.

Sasa mlango tumeung'oa, tumeweka pazia, nami nafanyia kazi zangu kibarazani ili nimwone kila anayekuja. Akitokea mtu na mzigo barabarani, hata nisiyemjua, nakimbia kumtua. Wengine wanafikiri mimi ni kibaka, wananikimbia. Nacheka. Najua kwa nini nakimbia.

Na wewe unayesoma, sikutishi, nakuomba tu. Mtu akikubishia hodi mahali ambapo wengine hawamwoni, unaweza kuogopa, unaweza kukimbia, hakuna atakayekulaumu. Lakini ukishamwambia karibu, usimkane kwa sababu watu wanacheka. Na akitokea mtu akakuuliza kwa upole kama umemwona wa kwao, mwambie. Mwambie hapo hapo, kabla hajavaa kofia.

Ukifika kwangu, usipige hodi, utachoka bure. Pita pazia, nishike bega. Na kama una mzigo kichwani, subiri mlangoni, nitainuka.