Mkono wa Dada wa Stesheneri

Dada wa duka la stesheneri huwajazia vijana fomu za vyuo vya ng'ambo. Huchapa kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto una kovu la moto, huuficha chini ya meza. Hana maneno mengi. Hupuliza vumbi kwenye kibodi, kisha huuliza, "Jina? Alama? Unataka kusomea nini?" Hilo la mwisho lilinishinda. Mama anataka sheria, mjomba anataka uhandisi, mimi niko njia panda. "Basi niachie mimi, mdogo wangu," akasema, akanichapia barua ya maombi bila kusita. Nilipoisoma barua, ilisema niliungua mkono nikiwa na miaka saba, na tangu siku ile nataka kuwa daktari.

"Dada, mbona mimi sijawahi kuungua?"

Akaitazama mikono yangu, mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. "Kweli," akasema. "Nifute?" Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nikaisoma tena barua kwenye skrini, tangu mwanzo. Akachapisha nakala mbili vilevile ilivyo. Moja akanipa. Ya pili akaikunja polepole, kwa mikono yote miwili, akaitia kwenye droo yake.