Kitambaa Chekundu kwenye Tunda la Kakao

Jirani yangu hapa mjini Baraka huchachusha kakao uani kwake, chini ya majani ya ndizi. Harufu yake ni tamu na ina ukali wa pombe changa, na kila inapovuka ua nasita mlangoni na kuangalia mikono yangu kama mtu aliyeiba. Msinicheke. Mimi ni mwalimu mzima, mama wa watoto wawili, lakini harufu ile hunirudisha kijijini kwetu Lweba, siku niliyokula tumaini lote la shangazi yangu Faila.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba: mfupi, mwenye sauti ya chini na subira ya ajabu. Walilima kakao pamoja. Nilipokuwa na miaka tisa, mvua ilinyesha wiki hadi wiki, na matunda yakaanza kuozea mtini. Leo ungeona doa la kahawia kwenye ganda. Baada ya siku chache tunda zima lilikuwa jeusi, limevaa ukungu mweupe, na mbegu ndani hazifai kitu. Baba akachoka. Alisema anangoja msimu mmoja tu, kisha atakata kakao zote apande michikichi, na baba akisema kukata, hukata.

Shangazi hakubishana naye. Alikuwa ameona kwamba mti mmoja karibu na kijito haukuozesha hata tunda moja mvua ile yote, ila ulizaa kidogo mno. Mwingine, kule juu, ulibeba matunda toka chini ya shina hadi kwenye matawi, na karibu yote yalioza. Agronomu mmoja, mtaalamu wa kilimo aliyepita kijijini, aliwahi kumwonyesha namna ya kuifungisha ndoa miti miwili ya kakao, ili watoto wao warithi sifa za wote wawili, nami nilicheka mpaka nikakaa chini, kwa sababu sikujua miti huoa.

Basi ndoa zenyewe zilifanyika hivi. Ua la kakao huota kwenye shina, dogo kuliko ukucha. Jioni Shangazi alilifunika lingali halijafunguka, kwa kifuniko cha kalamu kilichobandikwa kwa udongo, ili wadudu wasimtangulie. Kesho yake asubuhi alikifunua, akaleta ua la mti wa pili na kulisugua taratibu juu ya lile la kwanza, huku amezuia pumzi. Kalamu zangu zote za shule zilikwenda bila kofia mwaka ule. Maua mengi yalianguka. Tunda moja tu ndilo lililoshika na kukua, na Shangazi akalifunga kitambaa chekundu cha kitenge.

Hapo ndipo kisa kilipozaliwa. Nyumbani kwetu kila mtoto alikuwa na tunda lake la kunyonya. Shangazi alichagua zuri, akalifunga kitambaa, na likiiva ulilichuma mwenyewe bila kuomba ruhusa. Changu kilikuwa chekundu tangu nilipoota meno. Nilipoona chekundu kimefungwa kwenye tunda la njano linalong'aa, moyo wangu ulijaa raha. Nililikata, nikawaita rafiki zangu wawili, tukaketi nyuma ya jiko tukinyonya ule utelezi mtamu unaozunguka mbegu na kushindana nani atatema mbegu mbali zaidi.

Shangazi alitukuta ganda likiwa bado magotini pangu.

“Nani alikata hii?”

“Ni mi, Shangazi. Iko na kitambaa yangu.”

Aliingia jikoni. Alipotoka uso wake ulikuwa na maji, nami nikadhani amenawa.

“Usilie,” akaniambia, maana nilikuwa nimeshaanza. “Kosa ni yangu. Ni mi nilikufundisha kama nyekundu ni yako. Mbegu mulitemea wapi? Mufukuze kuku kwanza.”

Tulitambaa kwenye majani hadi adhuhuri. Tulipata mbegu thelathini na moja, tukazifukia katika vifuko vya udongo chini ya kivuli cha migomba, na karibu zote zikaota. Nilizimwagilia kila siku kabla ya shule. Nilizipenda kama mtu anayelipa kosa.

Zilipofika kimo cha goti langu, Shangazi alichukua matunda yaliyooza, akayaloweka kwenye beseni, na maji yale machafu akayanyunyiza juu ya miche yangu. Nilipiga kelele mpaka baba akaja mbio.

“Faila, unafanya nini? Unauwa kakao yako mwenyewe?”

“Yenye iko ya kufa, ikufe hapa, kwa mukono yangu,” alijibu. “Isifie kwa shamba ya muntu mwenye amengojea miaka.”

Miche mingi ilinyauka. Nilimchukia wiki nzima, nasema kweli. Ilibaki saba, majani yake mazima. Baba aliitazama asubuhi nyingi, kisha miche ya michikichi aliyokuwa ameiandaa akampa jirani. Miaka michache baadaye ile saba ilizaa, na mvua kubwa ilipokuja tena matunda yakabaki safi karibu yote. Sasa bamama wanatoka mbali kama Mboko kuja kumwomba Shangazi miche.

Yale maji ya usoni niliyaelewa nilipokuwa mtu mzima. Alikuwa amelia kidogo, peke yake, asije akanitwisha mimi mtoto mzigo wa shamba zima. Nimewahi kufundishwa na watu wenye diploma nyingi, lakini sijaona aliyenigusa moyoni kama mwanamke yule.

Mwezi uliopita nilikwenda Lweba. Kwenye mti mkubwa kuliko yote kati ya ile saba palikuwa na tunda lililoiva, limefungwa kitambaa chekundu. Mikono yangu niliiweka nyuma.

“Shangazi, hii ni ya mbegu ao ni ya nani?”

Alicheka mpaka akashika shina.

“Ni yako. Kila mwaka nafunga yako. We ndiye hauulizake hata siku moja.”

Nililikata, nikaketi nyuma ya jiko na kunyonya polepole. Kila mbegu niliitemea kiganjani.