Matete ya Maternite

Kila ninapofungua chupa ya Javel, dawa kali ya kung'arisha nguo, nisugue sakafu, harufu ikinipanda puani, mimi huishika mbali na mwili. Mume wangu hudhani naogopea nguo zangu madoa. Sijawahi kumweleza. Nawaeleza ninyi.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa mfuaji wa maternite, zahanati moja ndogo ya kujifungulia huko Kasongo, juu ya mteremko, nami nilimsaidia kila nilipotoka shule. Mashuka yalifika yakiwa mazito kwa damu. Mama aliyasuuza, akayafua kwa sabuni ya mawese, halafu akayaloweka katika Javel ili kuua vijidudu. Maji yote yaliteremka kwa mfereji, na hatukujiuliza yanafika wapi.

Yalifika kwenye kijito ambamo wanawake wa bondeni walilowekea mihogo yao. Asubuhi moja walipanda kwetu na majembe, wakiongozwa na Mama Sakina, muuza unga mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani. Aliutupa miguuni pa Mama muhogo uliojaa povu jekundu.

"Mama Feza, tunakula damu yenu! Mihogo iko inanuka. Batoto banaharisha."

Wakaziba mfereji kwa mawe na udongo, na kabla ya saa sita maji machafu yalikuwa yamerudi hadi mlangoni pa chumba cha kuzalia. Ilibidi chifu wa mtaa awasihi. Wakatupa miezi mitatu. Maji yasiposafishwa, wangeziba moja kwa moja.

Papa Idi, fundi mwashi, alikuwa ameona huko Bukavu maji ya jikoni yakisafishwa kwa mimea. Hakuhitaji mashine wala mafuta. Alichimba shimo la kutuliza povu na uchafu mzito, kisha handaki refu, akalikandika udongo wa wafinyanzi lisivuje, akalijaza mawe, kokoto na mchanga. Waume waliongoja wake zao wajifungue ndio waliovunja mawe. Aliyetetemeka kwa hofu zaidi ndiye aliyepewa nyundo kubwa. Juu tukapanda matete.

"Chini kwenye mizizi kuna vidudu vinavyokula uchafu," Papa Idi alituambia. "Musiviue. Maji ya Javel hayaingii humu hata tone. Yanaenda kwenye pipa, yanakaa kwenye jua siku tatu, nguvu yake inaisha."

Pipa lilikuwa nyuma ya jiko, mbali, na kubeba ndoo ilikuwa kazi yangu. Siku moja vidole viliniuma. Nikatazama huku na huku, nikamwaga ndoo nzima shimoni. Hakikutokea kitu. Kesho yake nikamwaga tena, na keshokutwa.

Wiki ya tisa ya ile miezi mitatu ncha za matete ziligeuka njano. Kisha majani yakasinyaa, na maji yakaanza kutoka yakinuka yai bovu. Mama Sakina alikuwa akija kila Ijumaa kukagua. Ijumaa hiyo alisimama akiyatazama matete yaliyokufa. Papa Idi akapiga magoti, akaokota kokoto, akainusa.

"Nani alimwaga Javel humu?"

Nikajificha nyuma ya Mama.

"Ni miye," Mama akasema.

Mama Sakina akacheka kwa hasira. "Kumbe munatuchezea. Hatutangojea miezi mitatu iishe, siku ya tatu tunaziba."

Kila kitoto kilicholia kule ndani niliona kinanililia mimi. Siku ya tatu sikwenda shule; niliteremka bondeni peke yangu. Mama Sakina alikuwa ndani ya kijito, maji magotini.

"Mama," nikasema, "si mama yangu alimwaga. Ni miye."

Nilingoja kofi.

"Pipa iko wapi?" akauliza.

"Nyuma ya jiko. Iko mbali."

Akasogea kando. "Ingia."

Akanipa kazi ya kuopoa mihogo. Tope la utelezi lilinishika miguu, uvundo ukanijaza kifua. Kando yangu mwanawe mdogo aliokota kipande, akakitia mdomoni kabla sijamzuia. Sikuwa nimewahi kuuona mwisho wa maji yetu.

Kisha akanishika mkono, tukapanda naye, nguo zake zikichuruzika. Wenzake walikuwa tayari kwenye mfereji, majembe juu.

"Mungojee," akawaambia. "Mwezi moja tena. Lakini ile pipa, waisogeze."

Papa Idi alisogeza pipa hadi kando ya jiwe la kufulia, akatoa mchanga wa juu akauosha, tukapanda matete mapya. Mwezi ulipokwisha maji hayakuwa ya kunywa, wala hakuna aliyedai hivyo, ila yalitoka bila povu na bila damu. Mama Sakina aliyakinga kiganjani, akayanusa, akaondoka bila kuaga. Majembe hayakurudi.

Kwa miaka mingi niliamini Mama alisema uongo ili anikinge. Nilipokuwa na watoto wangu wawili, nikaona nimshukuru. Alikuwa anamenya karanga, mikono ikasimama.

"Kukukinga? Mwanangu, kumbe na weye ulimwaga? Miye nilimwaga kweli. Siku ya wanawake wengi wa kujifungua mgongo ulikuwa unakatika."

Tulicheka hadi karanga zikamwagika. Baadaye tu, nikiwa peke yangu, ndipo nilipomfikiria Mama Sakina. Alikuwa amesikia wakosaji wawili wakikiri kosa moja, mama na mtoto, na hakutaka kujua yupi mwongo. Miguu ikiwa ndani ya uchafu wetu, aliuliza pipa liko wapi.