Ili Tuombe kwa Usahihi

Kanisani kwetu Kabungu, mtu akikuambia "nimefunuliwa jambo lako," ujue kuna mtu amelisema. Leo nasema hivyo bila kupepesa macho, lakini nikiwa mtoto jambo hili lilinikosesha raha.

Tulikuwa walokole. Babu na bibi walitoka Burundi, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kirundi, kanisani Kiswahili, na kwenye maombi kila mtu alinena alivyojaliwa, mradi anene kwa sauti. Aliyeomba mdomo umefungwa alitazamwa kwa jicho la pembeni, kwamba huenda hajaokoka sawasawa, au kuna kitu anaficha. Siku za kufunga, akina mama walishikana mikono wawili wawili, kila mmoja akamlilia Mungu shida za nyumba yake palepale sikioni mwa mwenzake. Mama yangu sauti yake ilifika mpaka kwenye mabani ya jirani ya kukaushia tumbaku.

Mara nyingi alishikana mkono na mama mmoja mwembamba, tuliyemwita mama wa maono. Jumapili huyo ndiye aliyesimama mbele, akafumba macho, akatangaza alichoonyeshwa.

Mimi nilikuwa nakojoa kitandani, na nilishafika umri wa kuona aibu. Mama aliona aibu kuliko mimi. Hata mbele za Mungu hakuthubutu kulitaja wazi, akasema tu, "Mwanangu ana shida ya maji." Jumapili mama wa maono akaniwekea mkono kichwani, akakemea majini wa baharini mpaka jasho likamtoka. Majini wa baharini, Kabungu, ambako bahari hakuna aliyewahi kuiona! Watu wakaitikia Amina, na mimi nikaendelea kukojoa.

Ila sikuliacha hilo lipite. Niliwaza kwamba kama ni Mungu aliyemwambia, basi Mungu angesema mkojo. Aliyekuwa anasema "maji" ni mama peke yake.

Nikaamua kutega. Siku moja tukichambua maharage, nilimwambia mama kwamba nimeota kuku mweupe ametaga ndani ya mtungi wa maji ya kunywa. Sikuwa nimeota chochote. Mama aliacha kuchambua.

"Mwana wanje, mwanangu, umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

Jumapili mama wa maono akafumba macho. "Naona kuku mweupe! Naona yai mahali pa kunywea! Kuna nyumba humu ndani imetumiwa kitu!" Kanisa zima lililipuka kwa maombi. Mimi nilisimama katikati ya makelele yale nikiwa nimepata jibu langu, na jibu lenyewe halikunifurahisha hata kidogo.

Kibaya zaidi, kuku mweupe tulikuwa naye kweli, na alikuwa wangu, nilipewa na bibi. Mama wa maono akasema asichinjwe, akaombewe kwanza kwake. Aliondoka naye kwapani, na sijawahi kusikia kama alifunguliwa.

Tangu hapo sikumwambia mama kitu chochote cha moyoni. Alidhani nimekuwa binti mtulivu, akamshukuru Mungu kwa sauti. Nilikuwa naumia, maana nilimpenda na sikuwa na mwingine wa kumwambia. Wala hakuwa msengenyaji. Aliamini kabisa kwamba alikuwa anamwambia Mungu tu, na lile sikio la mwenzake hakulihesabu.

Nilipochaguliwa kwenda kusoma saikolojia, kanisa lilitikisika. "Si ndo kusoma mawazo ya watu hiyo? Watatufanyia mtoto mganga," walisema, na wakaniwekea maombi ya ulinzi dhidi ya wahadhiri. Mwanzoni kabisa mwa masomo mhadhiri alituambia kwamba anachosema mteja kinaishia kwako, hakitoki. Wenzangu wakaandika. Mimi niliweka kalamu chini nikamwangalia usoni, nikisema moyoni kwamba wote huanza hivyohivyo. Ilinichukua muda kumwamini. Wokovu sikuuacha, ila nilijifunza kuomba nimefunga mdomo, na mpaka leo wapo wanaonitilia shaka kwa hilo.

Niliporudi Mpanda, mji wa karibu na Kabungu, kufanya kazi ya ushauri, kanisa la kule nyumbani lilinipa chumba cha ushauri bure. Nilikwenda kukikagua. Kuta ziliishia kabla ya bati na dari haikuwepo, ukikohoa chumba hiki unapewa pole chumba cha pili. Nilishukuru, nikaenda kupanga chumba mjini, ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga. Watu walinicheka. Mimi nilikuwa nautaka ule mngurumo.

Huko ndiko mama mmoja wa Kabungu alikomleta binti yake. Binti huyo alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya, na ghafla akaacha kuimba, kisha akakaribia kuacha hata kula na kuongea. Alipokuja kwangu alikaa tu, macho mlangoni. Nikamwacha akae. Alikuja hivyo tena na tena, mpaka siku moja akasema, "Nimeota mbuzi amevaa joho la kwaya, anaimbisha." Hakuwa na uso wa mtu anayekumbuka ndoto. Alikuwa ananichungulia mimi. "Nimekuambia wewe tu," akaongeza.

Nikautambua mtego papo hapo. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Haikupita muda nikaenda Kabungu kumwona mama, nikamkuta amekaa na mama wa maono, sasa mzee wa mkongojo, ila macho yaleyale.

"Bwana asifiwe, mwanangu. Yule binti tuna mzigo naye sana. Amekuambia nini? Tuambie, ili tuombe kwa usahihi."

"Ombeni tu, mama. Mungu anamjua."

"Nyie mliosoma mnaficha. Yanayofichwa ni ya gizani."

Mama yangu akanishika goti. "Hata kidogo, mwanangu? Hata ndoto tu?"

Ndoto! Kwa nini aseme ndoto? Huenda ilikuwa kumbukumbu ya kuku wangu. Lakini huenda binti naye alimsimulia mama yake yule mbuzi, na mama yake akashikana mkono na mtu. Mbuzi huyo akitajwa kanisani, binti ataamini ni mimi, na hatafungua mdomo kwa mtu yeyote tena. Niliwajua watoto wa namna hiyo. Niliaga nikaondoka nimejaa hofu.

Jumapili nilikaa kando ya mama. Binti alikuwa kwenye benchi la kwaya, haimbi, kamkazia macho mama wa maono. Naye akafumba yake. Akaona safari. Akaona gari jeupe. Akaona mtu wa kijiji cha Usevya mwenye wivu. Kisha akainua mkono.

"Naona mnyama!"

Binti aligeuka akanitazama, na sura yake ilikuwa inafunga kama mlango.

"Naona mnyama mwenye pembe... ng'ombe! Ng'ombe mwekundu!"

Msukuma mmoja mwenye mifugo akapiga Amina ya kutikisa bati. Binti alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Na mimi vilevile.

Safari iliyofuata binti alikuja kwangu bila mama yake.

"Yule mbuzi nilimtunga," alisema.

"Najua."

Akashtuka, akarudi nyuma. "Umejuaje? Umefunuliwa?"

"Hapana. Mimi nilikuwa na kuku."

Hakuelewa, lakini hofu ilimtoka. Upande wa pili mtu alimimina mahindi na mashine ikaanza kunguruma. Binti akainuka, akavuta kiti chake mpaka karibu na sikio langu, akaanza kusema.